Jina Linalolipwa

Kila jioni, akishavua viatu vya kazini na kunawa uso, binti alivuta kiti, akakaa mbele ya baba yake na kumuuliza swali lilelile.

"Baba, unaitwa nani?"

Na kila jioni mzee, akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, alijibu bila kusita. Alitaja jina lake lote, lake mwenyewe, la baba yake na la ukoo, kwa sauti safi ya mtu mwenye uhakika. Kisha akamtazama binti akisubiri kusifiwa.

Binti hakumsifu. Alijishika kichwa. Laiti mzee angesema uongo, angembusu mikono yote miwili.

Hapa inabidi jambo lielezwe, ingawa wenyewe hawakupenda kulieleza hata wakiwa wawili tu chumbani. Jina alilolitaja mzee lilikuwa jina lake la kweli, alilopewa na mama yake mzazi. Ubaya ni kwamba halikuwa jina linalolipwa. Serikali ya kwao ilikuwa inamlipa pensheni na posho ya ulemavu kwa jina la kaka yake, na kaka yake alikuwa udongoni tangu ujana.

Walikuwa ndugu wawili wa kufuatana. Mkubwa alikuwa na kichwa cha shule, mdogo alikuwa na mikono. Mkubwa akafaulu, akaitwa kwenda kusomea ufundi wa mitambo ya maji: kazi ya serikali, nyumba ya serikali, na pensheni mbele ya safari. Nyumbani walicheza. Kisha wiki ileile aliyotakiwa kuripoti, homa ikamkamata, na homa yenyewe haikumpa hata nafasi ya kuaga. Baba yao alikwenda mwenyewe ofisini kuchukua kibali cha maziko, na huko akaandikisha jina la yule mdogo kuwa ndiye aliyekufa. Watu walidhani majonzi yamemchanganya. Wapi. Mzee yule alikuwa ameshapiga hesabu zake. Msiba haujaisha vizuri, akamwita mtoto aliyebaki, akamvalisha suruali ya marehemu, akamkabidhi vyeti vya marehemu, akamwambia nafasi hiyo haitapotea hivihivi. Kuanzia leo wewe ndiye yeye. Nenda.

Akaenda. Angefanyaje? Alikuwa mtoto, na enzi hizo baba akisema nenda, unakwenda.

Bahati yake ni kwamba kazini hawakumuita kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Walimuita Bwana Pampu, kwa sababu alikuwa akiinamisha sikio kwenye pampu na kusema inaumwa wapi kabla hajaifungua. Akaoa akiwa Bwana Pampu, akapata mtoto mmoja wa kike akiwa Bwana Pampu, na siku mnyororo wa winchi ulipokatika na pampu ikamshukia nyonga, waliombeba machela walilia wakiita Bwana Pampu. Miguu haikusimama tena. Akapewa posho ya ulemavu, na umri ulipofika ikaja na pensheni. Mkewe alipofariki, binti, ambaye alikuwa ameshahamia nchi ya watu na kupata kazi ya kufua mashuka hospitalini, aliuza kile kibanda cha nyumbani na kumchukua.

Binti alimjua yule marehemu kama Baba Mkubwa. Mama yake ndiye aliyempasulia siri siku alipokuwa mtu mzima, wakiwa wanapepeta mchele, bila hata kuinua macho: baba yako anatumia jina la Baba Mkubwa wako, na ukimwambia mtu yeyote tutalala njaa sote. Binti akafunga mdomo. Lilikuwa jambo la zamani, limeshapoa, na halikuwa likimsumbua mtu.

Mpaka mzee alipoanza kusahau.

Usahaulifu wake ulianzia mwisho ukarudi nyuma. Kwanza ulikula alichokula asubuhi. Halafu ukala ngazi za jengo wanaloishi, na jina la mji. Ukamla mkewe, ambaye siku moja alimuulizia na siku ya pili hakumuulizia tena. Ukala pampu zote, moja baada ya nyingine. Sasa ulikuwa umefika kwenye ujana wake, ukasimama hapo, siku chache kabla ya ile homa. Bwana Pampu alikuwa kijana mdogo anayeishi na kaka yake aliyefaulu. Alimuita binti "mama," kama baba yeyote anavyomuita bintiye, na binti alikuwa ameacha kujiuliza anamaanisha mama yupi.

Yote hayo yangebebeka. Miaka yote, kuthibitisha kwamba mstaafu aliyeko nje bado yu hai ilikuwa kazi ya daktari: anampima, anaandika kwamba huyu anapumua na miguu yake haifanyi kazi, anagonga muhuri, karatasi inatumwa. Mwaka huu wakubwa huko nyumbani wakagundua kwamba wafu wengi wanakula pensheni. Wakabadilisha. Kila mstaafu anayeishi nje afike ubalozini mwenyewe, akae mbele ya afisa na kamera, aulizwe jina lake na kazi aliyoifanya, ajibu kwa mdomo wake. Asijibiwe na mtu. Mgonjwa wa akili naye ana utaratibu wake: ndugu waende mahakamani nyumbani kuomba usimamizi, na vyeti vya kuzaliwa, na mashahidi wa ukoo waliomjua tangu utotoni.

Mashahidi wa ukoo. Binti aliposoma hapo aliacha kusoma. Watu wa ukoo waliobaki walikuwa wakijua vizuri nani kalala kaburini na nani kaandikwa.

Na mzee asingejibu? Pensheni ingekatwa. Na pensheni hiyo si kwamba ilikuwa nono, lakini ndiyo iliyokuwa imemshikilia mzee nchi ile. Kibali chake cha kuishi kilisema wazi kwamba mzazi mgeni anaruhusiwa kukaa kwa mwanawe iwapo ana kipato chake mwenyewe. Kipato kikikatika, kibali kinakufa, na mzee anapandishwa ndege kurudishwa kwao. Kwao wapi? Nyumba imeuzwa. Ndugu wa karibu hakuna. Nani angemgeuza usiku asipate vidonda? Nani angemuosha? Binti alijaribu kuwaza sura ya mtu anayempokea mzee uwanjani, na hakuna sura iliyokuja.

"Baba," akaanza tena jioni ile, kwa sauti ya upole aliyoikopa mahali. "Sema kama mimi." Akataja jina la Baba Mkubwa.

Uso wa mzee ukachanua. "Yuko wapi?"

"Ni wewe, baba. Wewe ndiye unaitwa hivyo."

"Mimi?" Mzee akacheka, kicheko cha kumhurumia. "Huyo kaka, mama. Mimi mdogo wake. Mbona unatuchanganya leo?"

Akarudia mara nyingi, naye akasahihishwa mara nyingi, kwa adabu. Mwisho uchovu wa siku nzima ukampanda kichwani, akasema lile ambalo hakutaka kulisema. "Kaka yako alikufa, baba. Alikufa zamani. Wewe ndiye uliyebaki na jina lake."

Bwana Pampu alimtazama. Kisha akalia. Hakulia kizee, machozi mawili na pua. Alilia kitoto, mwili mzima, mpaka blanketi likaanguka, akiuliza alikufa lini, nani alikuwepo, kwa nini hakuitwa. Binti alimkumbatia huku akijichukia. Mzee alilala amechoka kwa kilio. Asubuhi akaamka mzima, akanywa chai, akauliza kaka yuko wapi.

Binti, kwa ukaidi wa mtu aliyebanwa, akamwambia tena. Mzee akalia tena upya, msiba mbichi kabisa, kama hajawahi kuusikia. Hapo binti akakoma.

Kazini alikuwa mtu wa mashine ya kunyoosha mashuka. Shuka linatoka kwenye mashine ya kukausha likiwa limejikunja, wawili wanalishika pembe, wanalitanua, wanalilisha kwenye silinda ya moto, linatoka upande wa pili limenyooka. Ukichelewesha mkono linajikunja na kuungua. Siku hizo binti aliunguza mashuka kiasi cha msimamizi kumuita pembeni na kumuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa.

"Baba yangu," akasema.

"Anaumwa nini?"

Angemwambia anaumwa jina? "Uzee," akajibu, akaomba ruhusa ya siku moja ya kwenda ubalozini. Msimamizi akampa, na kumwambia asirudi na moshi.

Mchana mzee alikaa na mama mmoja mjane wa ghorofa ya chini, mtu wa kwao, ambaye binti alimlipa kila mwisho wa wiki na wote wawili walimuita Bibi wa Chini. Bibi wa Chini alikuwa na mdomo, na mdomo huo haukuwa na likizo. Alijua kwamba mzee anatakiwa kujibu jina fulani na halijibu; kwa nini, hakuambiwa, na kwa maajabu yote hakuuliza.

"Shoga yangu, mimi leo nimemfundisha mpaka mate yamenikauka," alisema jioni moja akivaa kandambili zake. "Nimemuimbia. Nimempigia makofi. Nimemwambia akisema nampa sukari ya pili kwenye chai. Mzee akaniangalia, akaniambia, bibi, sukari ya mwizi haina utamu. Sasa mimi na uzee wangu nimeitwa mwizi."

Binti akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile, halafu kicheko kikamgeukia, akajikuta anafuta macho kwa upindo wa kanga.

Bibi wa Chini akavua kandambili alizokwisha kuvaa, akakaa. "Na huyu kaka yake anayemuulizia kutwa nzima, mnamwambiaje?"

"Nilimwambia amekufa."

"Wee. Usimfishie mtu ndugu kila siku, utamuua na yeye. Mwambie katoka. Mimi nikimwambia katoka kidogo, anatulia, anakula. Anasema, haya, akija mnipashe."

Basi ikawa hivyo. Baba Mkubwa akawa mtu aliyetoka kidogo. Mzee akatulia, akawa anakula, na jina likabaki gumu palepale. Siku ya ubalozi ikafika binti hana mpango wowote ila kumtegemea Mungu na kiherehere chake mwenyewe.

Chumba cha kusubiria kilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa sakafuni kwa skrubu, kipooza hewa kinachodondosha maji kwenye ndoo, na dirisha la kioo ambalo nyuma yake alikaa afisa wa pensheni, msichana aliyevaa miwani, nywele amezibana vizuri. Juu ya kioo palikuwa na kamera ndogo. Mlinzi alikaa mlangoni akipiga miayo. Mbele yao alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, mwenye fimbo, aliyewageukia na kusema kwamba amesafiri tangu alfajiri kuja kuapa kuwa hajafa, na kwamba kwa jinsi mgongo unavyouma hana uhakika wa asilimia mia.

"Wewe je, mzee mwenzangu?" akamuuliza Bwana Pampu. "Uko hai?"

"Namsubiri kaka," akasema Bwana Pampu.

Binti akatabasamu haraka na kuangalia pembeni.

Afisa akaita. Sauti yake ilitoka kwenye spika yenye mkwaruzo, akasoma jina la Baba Mkubwa lote, polepole, mpaka la ukoo. Binti akasukuma kiti. Lakini Bwana Pampu, aliposikia jina lile, alinyanyua kichwa, akageuka nyuma kadiri shingo ilivyomruhusu, akaangalia mlango. Alikuwa na furaha ya waziwazi usoni.

"Shikamoo, mzee," akasema afisa.

"Marahaba, mwanangu. Anakuja. Yuko njiani."

"Nani huyo, mzee?"

"Kaka. Si umemuita?"

Afisa akamtazama binti. Binti akacheka, kicheko kibaya kisicho na hewa. "Anatania huyu. Baba, ni wewe umeitwa."

"Dada, samahani," akasema afisa, hakuwa mkali, lakini alinyanyua kidole kuonyesha kamera. "Ajibu mwenyewe. Mzee, naomba uniambie, wewe unaitwa nani?"

Bwana Pampu alifungua kinywa. Binti akaliona jina linakuja, lile safi, la kweli, lile ambalo lingewamaliza. Akakohoa kwa nguvu, akagonga meza ya dirisha kwa kiwiko, akasema mzee koo limemkauka tangu kwenye teksi, tafadhali anywe maji kidogo, hajazoea mikrofoni.

Afisa akasita. Akaangalia saa. "Haya. Namaliza na mwalimu, halafu mnarudi. Lakini dada, akishindwa leo, faili linakwenda kule kwa wagonjwa, na mimi sina la kufanya."

Binti akamsukuma baba mpaka pembeni, karibu na ndoo. Akampa maji. Akachuchumaa mbele yake, magoti yakamuuma. Aliuangalia uso ule, ndevu nyeupe alizomnyoa mwenyewe asubuhi na kumkata kidogo chini ya sikio, na akajua afanye nini. Alijua, na alijisikia vibaya kwa kujua, na hakusita hata kidogo.

"Baba," akanong'ona. "Wanaita majina ya waliofaulu."

Mzee akaacha kunywa.

"Wamemuita kaka na hayupo. Kachelewa. Asipoitika, nafasi yake wanampa mtu mwingine."

"Mtu mwingine nani?"

"Yeyote tu. Aliye karibu."

"Haiwezekani." Mkono wa mzee ulikaza kwenye kikombe cha plastiki mpaka kikalia. "Ile ni yake. Kaisomea kwa kibatari. Mimi nilikuwa namshikia."

"Basi muitikie wewe. Wakiita jina lake, sema ni wewe. Wakikuuliza kazi, sema mitambo ya maji. Akifika atakuta nafasi yake ipo."

Bwana Pampu akawaza. Mtu angeweza kuona jinsi alivyokuwa anawaza, kijana mwaminifu anayepimiwa jambo kubwa kuliko yeye. "Huo si uongo, mama?"

"Ni kwa ajili yake."

"Na baba akijua?"

"Baba ndiye aliyesema ufanye hivyo," akajibu, na katika maneno yote aliyoyasema siku ile, hilo peke yake ndilo lililokuwa kweli.

Mzee akarudisha kikombe. Akajifuta mdomo. "Nipeleke," akasema.

Spika ikakwaruza, jina likaitwa tena. Bwana Pampu alijiinua kwenye mikono ya kiti kadiri mabega yalivyoweza, mgongo ukanyooka. "Nipo," akasema.

"Unaitwa nani, mzee?"

Akalitaja jina la kaka yake. Hakulirukia wala hakulimung'unya. Alilitaja kwa heshima, majina yote matatu, kwa sauti ambayo mwalimu mstaafu aliyekuwa akitoka aligeuka kuisikiliza.

"Na kazi yako ilikuwa nini?"

"Mitambo ya maji."

"Ya serikali?"

"Ya serikali," akasema Bwana Pampu, na akaongeza kwa fahari, "mwaka huu tumefaulu wachache sana."

Afisa akatabasamu. Wazee wakizungumza mambo ya zamani, nani anawahesabia miaka? Akaandika, akauliza kama miguu bado haifanyi kazi, binti akaruhusiwa kulijibu hilo kwa kuinua blanketi, na afisa mwenyewe akageuza macho upesi. Muhuri ukagonga. Karatasi ikapita chini ya kioo. Ilikuwa nyepesi, na binti aliishika kwa mikono miwili. Mwaka mzima. Mwaka mzima mzee atalala kwenye kitanda chake, atageuzwa, ataoshwa na mtu anayempenda. Binti alitaka kumkumbatia baba yake, mlinzi, na ile ndoo.

"Asante sana, dada. Mungu akuweke," akasema, akafungua breki za kiti.

Kiti hakikwenda. Bwana Pampu alikuwa ameshika magurudumu.

"Twende, baba. Tumemaliza."

"Kaka nimemuitikia," akasema mzee. "Bado mimi."

"Tutaongea nyumbani."

"Bado hawajaniita mimi. Tukienda sasa hivi wataita na nitakuwa sipo." Aliyasema kwa busara kabisa, akimuelewesha mtu mgumu kuelewa. Kisha akageukia kioo, akapaza sauti kidogo kwa sababu ya ile spika. "Mwanangu, samahani. Mimi bado hujanisoma."

Afisa akarudi kwenye mikrofoni. "Nimekusoma, mzee. Tayari."

"Huyo ni kaka. Mimi ni mdogo wake." Na akalitaja jina lake. Lote. Lile safi, la jioni zote.

Kipooza hewa kikadondosha maji. Afisa aliangalia karatasi yake, akaangalia kioo cha kompyuta, akaandika kitu kwa kidole kimoja. "Jina la ukoo ni moja, na la baba ni moja," akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, ile ya kazi. "Dada, huyu mwingine ni nani? Naye ni mstaafu wetu?"

Kamera ilikuwa inawaka taa yake ndogo. Muhuri ulikuwa bado uko kwenye mkono wa afisa, na karatasi ilikuwa kwenye mkono wa binti, na kati yao palikuwa na tundu la chini ya kioo linalopitisha karatasi kwenda na kurudi. Binti hakuweza kusema hakuna mtu wa jina hilo, kwa kuwa yuko. Ukoo unamjua, kitabu cha maziko kinamjua. Alisema lililoandikwa.

"Ni mdogo wake," akasema. "Alishafariki. Zamani sana, hata mimi sijazaliwa."

Alisema akimwangalia afisa machoni. Hakuthubutu kuangalia chini, kwenye kiti.

Uso wa afisa ukalainika mara moja. Akaondoa mkono kwenye kompyuta. Alikuwa mtoto aliyelelewa vizuri, akainamia mikrofoni ili mzee amsikie. "Pole sana, mzee wangu," akasema. "Pole kwa kufiwa na mdogo wako. Ndugu hasahauliki."

Mikono ya Bwana Pampu ikateleza kutoka kwenye magurudumu, ikalala juu ya blanketi. Binti alisubiri kilio, kile cha mwili mzima, akawa anatafuta akilini jinsi ya kukielezea. Hakikuja. Mzee aliangalia mikono yake mwenyewe, akageuza kiganja kimoja, akakirudisha. Kiti kikakubali kusukumwa. Mlinzi akawafungulia mlango, akawatakia safari njema.

Mbele ya lifti binti aliinama kumrekebishia kola, kwa kuwa alihitaji mikono yake ifanye jambo, na mzee akamshika kifundo cha mkono, taratibu.

"Mama."

"Naam, baba."

"Kumbe mimi nilishakufa?"

Lifti ilikuwa inapanda, inasikika kwenye ukuta. Binti alitaka kumwambia hapana. Alitaka kumuita kwa jina lake pale pale, kwa sauti, jina ambalo mtoto hamuiti baba yake na ambalo hakuna mtu aliyemuita kwalo tangu alipovalishwa suruali ya marehemu. Lakini mlango wa ubalozi ulikuwa bado wazi nyuma yao, na mlinzi alikuwa amesimama palepale.

"Na hamkuniambia," akasema mzee. Hakulaumu. Alikuwa anauliza tu, jinsi mtu anavyouliza msiba uliompita akiwa safarini. "Mbona hamkuniambia?"

"Tulisahau, baba," akasema binti, na lifti ilipofunguka akamsukuma ndani, akabonyeza kitufe cha chini.